Chombo Kimoja kwa Wote: Mazungumzo Kuhusu Mashua ya Laser

  

Leo tunazungumza habari za mashua. Ni mashua ya tanga, ya mashindano, na katika hizo nachagua aina moja tu: zile zinazotengenezwa zote kwa mfano mmoja, zikafanana kuanzia chini kabisa hadi ncha ya mlingoti, ili watu wakishindana asiwepo wa kusema, "Amenishinda kwa sababu chombo chake ni kizuri kuliko changu." Shikeni neno hilo tangu sasa, maana nitalirudia: chombo ni kimoja kwa wote, kinachopimwa ni mtu.

Najua yupo anayejiuliza: habari za matanga zinatuhusu nini sisi watu wa shaba, hapa Lubumbashi? Zinatuhusu. Jimbo letu lina ziwa Moero. Lina mto Luapula. Lina ziwa Tshangalele, lililotanda nyuma ya bwawa la Mwadingusha kwenye mto Lufira. Na majirani zetu wa Kalemie na Moba wanaishi kandokando ya Tanganyika, ziwa la maji baridi lililo refu kuliko yote duniani.

Tena mji huu umekwisha kuona mashua zikipita. Mwaka 1915, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza walileta mashua mbili za vita zenye injini, Mimi na Toutou, kwa treni kutoka Cape Town. Zilipita hapa hapa, Elisabethville ya wakati ule. Huko mbele, Fungurume, zikashushwa, zikakokotwa na mitambo ya mvuke, na ng'ombe, na mamia ya wanaume wa nchi hii, kuvuka milima ya Mitumba, mpaka zikafika Tanganyika kupigana na Wajerumani. Zilikuwa pacha, kila moja na urefu wa meta 12 hivi. Majina ya maofisa wake yamejaa vitabuni. Natamani tungeyajua na ya hao waliovuta kamba.

Basi, mashua ninayotaka kuwasimulia leo haihitaji ng'ombe. Ganda lake lina uzito wa kilo 59. Watu wawili wanalibeba, wanaliweka juu ya gari, safari inaanza.

Mashua hiyo inaitwa Laser. Siku hizi jina lake rasmi ni ILCA, na sababu ya kubadilika jina nitaieleza mbele kidogo, maana ina funzo kwa mji kama wetu. Ilianza mwaka 1969 kwa simu. Mkanada mmoja, Ian Bruce, alimpigia simu rafiki yake Bruce Kirby, akamwambia anataka mashua ndogo ya kubebwa juu ya gari, ya watu wanaokwenda kupiga kambi. Kirby akiwa bado na simu sikioni akachukua karatasi, akachora. Fundi wa matanga, Hans Fogh, mzaliwa wa Denmark, akashona tanga. Mwaka 1970 wakaijaribu kwenye ziwa moja huko Wisconsin, Marekani, na mwaka 1971 ikaanza kuuzwa. Toka siku ile zimetengenezwa zaidi ya laki mbili. Kirby alifariki mwaka 2021, na mchoro wake bado uko majini kila siku.

Sasa ikoje? Fumbeni macho, tuijenge pamoja. Urefu wake ni meta 4 na sentimita 23. Upana hauzidi meta moja na nusu. Ganda ni la faibaglasi, limefungwa kabisa ndani, lina hewa, na sehemu ya kukaa ni kishimo kidogo tu ambacho maji yakiingia yanatoka yenyewe mashua ikiwa mwendoni. Mlingoti ni vipande viwili vinavyochomekana. Tanga ni moja peke yake, lenye ukubwa wa meta za mraba 7 na kidogo, na upande wake mmoja umeshonwa mfuko mrefu. Mlingoti unaingia humo, kazi imekwisha. Hakuna kamba za kuushikilia mlingoti kulia na kushoto. Katikati kuna ubao unaoshushwa ndani ya maji, kina chake kama sentimita 80, ambao unaizuia mashua isisukumwe ubavu. Nyuma kuna usukani na kana yake. Mkono mmoja unashika kana, mkono wa pili unashika demani, ile kamba ya kulivuta tanga na kulilegeza. Na chini, kwenye sakafu, kuna mkanda. Wa nini? Wa kuingiza miguu. Upepo ukizidi, mwenye mashua anajitupa nje kwa mgongo, miguu imeshikwa na mkanda, mwili wote unaning'inia juu ya maji, ili mashua isilale. Jaribu kukaa hivyo dakika tano kwenye ukingo wa kitanda chako, utaelewa kwa nini mapaja ya watu hao ni magumu kama ya wachezaji wa mpira wa Mazembe.

Hizo ndizo sifa zake, wapenzi. Mtu mmoja, tanga moja, kamba chache. Lakini sifa kubwa kuliko zote haionekani kwa macho, nayo ni kwamba ile ya jirani yako ni hiyo hiyo.

Nauliza: kwa nini kilo 59? Kwa nini wasiipunguze iwe 50, iende mbio zaidi? Wangeweza. Faibaglasi ingeachwa, ganda zima lingetengenezwa kwa kaboni, mashua ingeruka juu ya maji. Lakini siku utakapomruhusu mtu mmoja kupunguza uzito kwa fedha zake, tayari umeanzisha mashindano ya mifuko. Mwaka huu yeye anapunguza kilo mbili, mwaka ujao mwenzake anapunguza nne, na kijana ambaye baba yake hana kitu anabaki ufukoni na mashua ya mwaka juzi. Katika mbio nyingine kubwa za matanga duniani ndivyo ilivyo: wahandisi wanashindana ofisini kabla ya manahodha kushindana majini. Sisemi hilo ni dhambi. Nasema ni mchezo mwingine.

Kwa hiyo sheria za Laser zimeandikwa kinyume na tulivyozoea. Sisi tumezoea kwamba kisichokatazwa kinaruhusiwa, sivyo? Huku ni kinyume: kisichoruhusiwa kwa maandishi kimekatazwa. Huruhusiwi kusugua ganda ili libadilike umbo. Huruhusiwi kwenda na tanga la fundi wako. Huruhusiwi kuongeza hiki wala kukata kile. Viwanda vyote, popote vilipo, vinafuata kitabu kimoja cha utengenezaji, na chama cha mashua hizi kinawatuma watu wake kwenda kukagua.

Chukueni mama wawili pale soko la mtaa wetu wa Kenya. Wape unga wa gunia moja, mafuta ya chupa moja, makaa ya mfuko mmoja, sufuria za duka moja. Kisha onja mikate ya huyu, onja ya yule. Tofauti utakayoisikia ulimini imetoka wapi? Mkononi. Haiwezi kutoka pengine, umekwisha kupafunga pengine pote.

Sasa nisimulie kisa kinachoonyesha mkono huo, na kichwa pia. Mwaka 1996 Laser iliingia Michezo ya Olimpiki kwa mara ya kwanza, michezo ya Atlanta, na mashua zilikimbia Savannah, pwani ya Georgia. Walifika mbio ya mwisho, na dhahabu ilikuwa kati ya vijana wawili: Robert Scheidt wa Brazili na Mwingereza Ben Ainslie, aliyekuwa na miaka 19 tu. Scheidt alikuwa mbele kwa pointi. Bendera nyeusi ilikuwa juu, maana yake atakayevuka mstari wa kuanzia kabla ya wakati anaondolewa, hakuna kurudi. Scheidt akapiga hesabu: ikiwa sisi wawili tutaondolewa pamoja, nani anabaki juu? Mimi. Akausogelea mstari kama mtu aliye tayari kwenda. Ainslie, kwa kuogopa kuachwa, akaenda naye. Wote wawili wakavuka mapema, wote wawili wakaondolewa. Dhahabu ikaenda Brazili.

Miaka minne ikapita. Sydney, mwaka 2000. Watu wale wale wawili, mashua ile ile, na mbio ya mwisho tena. Safari hii pia Scheidt yuko mbele, lakini Ainslie ameona jambo: Scheidt akimaliza nyuma sana katika mbio hiyo, dhahabu inageuka. Basi Ainslie hakushindana na wengine kabisa. Alimfuata Scheidt peke yake. Alikaa upande upepo unakotoka, akamzibia upepo kwa tanga lake, Scheidt akigeuka naye anageuka, huku mashua nyingine zikienda zake. Waligusana, yakawa mashtaka mbele ya waamuzi, Scheidt akaondolewa katika mbio ile, na dhahabu ikaenda Uingereza.

Mwaweza kubishana nyumbani kama huo ni uungwana. Mimi naona ni uungwana, maana sheria ziliruhusu na kila mmoja alijua kilichokuwa kinamjia. Lakini ninalotaka mlione ni hili: katika mabishano yote yaliyofuata, hakuna hata mtu mmoja aliyesema mashua ya Ainslie ilikuwa bora. Haikuwezekana kusema. Olimpiki inafanya zaidi ya hapo: wenye kuandaa michezo ndio wanaoleta mashua, mpya zote, na kila mshindani anagawiwa yake. Bingwa wa dunia na msichana aliyetoka nchi ndogo wanaingia majini na kitu kile kile.

Je, usawa huo umekamilika? Haujakamilika, na nisiwafiche. Mashua zinafanana, miili haifanani. Tanga la meta za mraba 7 linahitaji mtu mzito, wa kilo 80 hivi. Kijana wa kilo 50 upepo ukikaza atapinduliwa mara kwa mara, si kwa uzembe, kwa wepesi wake. Wakafanya nini? Waliacha ganda vile vile, wakabadilisha tanga na kipande cha chini cha mlingoti. Leo kuna matanga ya namna tatu: ILCA 7 ni lile kubwa, ILCA 6 ni la karibu meta za mraba 6, na ILCA 4 ni dogo la vijana na watu wepesi. Wanawake katika Olimpiki wanakimbia kwa ILCA 6, tangu Beijing mwaka 2008. Ndilo tanga ambalo Mbelgiji Evi Van Acker alipatia shaba London mwaka 2012. Na ndilo alilokimbia nalo Deizy Nhaquile wa Msumbiji, mwana wa Afrika, Tokyo na tena kwenye michezo ya Paris mwaka 2024. Ganda moja, matanga matatu: mtoto anakua, anabadilisha tanga, mashua inabaki. Kwangu mimi hapo ndipo akili ya chombo hiki ilipo.

Nilisema nitaeleza habari ya jina. Usawa huu unalindwa na nini? Karatasi. Mikataba na leseni, mambo tunayoyafahamu sana hapa Katanga. Jina "Laser" lilikuwa mali ya wafanyabiashara, na kujenga mashua kulihitaji ruhusa. Kukatokea ugomvi. Chama kilisema kwamba mtengenezaji mmoja mkubwa aliwakatalia wakaguzi wake kuingia kiwandani, na mwaka 2019 kikavunja naye mkataba. Kikaachana na jina lile, kikaziita mashua ILCA, herufi za jina la chama chenyewe, na kufungulia mlango viwanda vipya. Fikirini uzito wa uamuzi huo. Jina lililojulikana dunia nzima kwa karibu miaka 50 likaachwa, ili ukaguzi ubaki. Mimi nauheshimu uamuzi huo. Kama huwezi kuingia kiwandani na kupima, maneno "mfano mmoja" ni rangi tu iliyopakwa ubavuni.

Sasa twende pwani ya Waswahili, maana huko mashindano ya matanga ni ya zamani na yana haki yake nyingine. Lamu wanashindanisha mashua zilizojengwa na mafundi wa kwao. Kijiji cha Matondoni kinasifika kwa kazi hiyo. Zanzibar wana mbio za ngalawa, na ngalawa huchongwa kwenye gogo, mara nyingi la mwembe. Je, magogo mawili yanaweza kufanana? Hayawezi. Kwa hiyo pale wanapopongeza, wanapongeza nahodha na fundi pamoja, na mji mzima uliowalea. Huo ni mchezo mzuri, nisingependa ufe ili Laser iishi. Laser imemwondoa fundi kwenye ushindani. Fundi wa Laser hana jina, na hiyo ni gharama, tuikubali.

Lakini ngalawa haitoki nje ya pwani yake kwenda kupimwa na wengine, na Laser inatoka. Vilabu vya Dar es Salaam, vya Mombasa na kile cha Kaazi kwenye ziwa Victoria, karibu na Kampala, vina desturi ndefu ya mbio za mashua ndogo za mfano mmoja. Nchi ya Kenya ilipeleka mashua Olimpiki mwaka 1960, mbio zikikimbiwa kwenye ghuba ya Naples. Mtoto aliyejifunza Kaazi akipanda ndege kwenda Ulaya anakuta mashua anayoijua, kamba anazozijua, kana mahali pake.

Na mtoto wa Pweto, kule kwetu kwenye ziwa Moero? Hapa ndipo moyo wangu ulipo leo, wapenzi wasikilizaji. ILCA mpya ni maelfu ya dolari. Usawa wake ni wa walio ndani ya uzio. Kuingia uzioni kunalipiwa. Kwa hiyo sisemi twende kununua Laser kesho. Nasema tuanze na mashua ya watoto, ya mbao.

Mwaka 1947, Florida, fundi Clark Mills aliombwa atengeneze mashua ya watoto, rahisi kiasi kwamba mzazi aweze kuijenga nyumbani kwa mbao za plaiwudi. Akatoa kijisanduku chenye pua bapa, urefu meta 2 na sentimita 30 hivi, uzito kilo 35, na tanga dogo la pembe nne. Kinaitwa Optimist. Ni cha watoto mpaka miaka 15, na mabingwa wengi wakubwa wa matanga, Ainslie na Scheidt wakiwemo, walianzia humo. Mwanzo wake ulikuwa nini? Msumeno, gundi, misumari na mchoro mmoja.

Je, mafundi seremala hatuna? Lubumbashi imejaa maseremala wanaotengeneza viti, vitanda na milango ya kupendeza. Kandokando ya Moero wapo wanaojenga mitumbwi tangu ujana wao. Tuwape mchoro mmoja, kipimo kimoja, mzani mmoja. Zijengwe mashua kumi zinazofanana, na kuwe na mtu asiye ndugu wa fundi yeyote wa kuzipima. Zisikimbie mbele ya mashua za dunia. Zikimbie zenyewe kwa zenyewe, shule na shule, Pweto na Kilwa ya Moero, Moba na Kalemie. Siku zitakapopatikana ILCA mbili tatu, mikono tayari itakuwa inajua demani.

Zikimbie wapi? Tshangalele ni karibu nasi, lakini sehemu nyingi maji yake ni mafupi yenye matete, ubao utagusa matope. Moero upande wa Pweto una kina cha kutosha. Tanganyika wakati wa kiangazi hupigwa na upepo mkali wa kusini-mashariki, na wavuvi wa ndagala wanajua mawimbi yake. Huko watoto wabaki karibu na ufuko, tena asubuhi na mapema. Mamba na viboko wapo, kwa hiyo wa kuchagua mahali ni wavuvi wenyewe, si mtu wa mjini mwenye ramani. Na jaketi la kuokoa maisha kwa kila mtoto, kila siku, hata kama maji yametulia. Tumezika watu wengi mno waliopanda vyombo vya maziwa yetu bila jaketi. Mashua hizi zinapinduka, hilo ni jambo la kawaida. Mtoto hufundishwa siku za kwanza kusimama juu ya ule ubao na kuisimamisha tena. Lakini kwanza awe anaelea.

Yeyote kati yenu aliye seremala, au mwalimu wa shule iliyo karibu na ziwa, na anayeona jambo hili linamgusa, atuandikie. Ningependa kusikia bei ya plaiwudi ya kuvumilia maji kule mliko, maana hesabu ya mashua ya kwanza inaanzia hapo. Barua zenu tutazisoma juma lijalo, siku kama ya leo, saa hizi hizi.